Wilaya ina watu wachache, kijiji kimejaa: swali kutoka Liwale

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Liwale, mkoa wa Lindi. Tunataka kijiji chetu kigawanywe kiwe viwili, maana kuna kitongoji kiko mbali mno na watu wake hawafiki mikutanoni. Tumeambiwa haitawezekana kwa sababu wilaya yetu ina watu wachache sana kwa kilomita ya mraba. Je, kipimo hicho ndicho kinachoamua? Na tukigawanyika, tutapata fedha zaidi?

JIBU: Marahaba. Hapana, hicho sicho kinachoamua, na aliyewaambia hivyo amechanganya hesabu ya wilaya na hesabu ya kijiji.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 91,380 wilayani Liwale. Ukiwagawanya kwa eneo lote la wilaya, haifiki hata watu 3 kwa kilomita ya mraba. Lakini zaidi ya nusu ya eneo hilo limo ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko hakuna kijiji wala shamba. Toa nusu tu ya eneo kwenye hesabu, na msongamano unaongezeka maradufu bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Mimi nikiandaa mpango wa maendeleo huanza kwa kutenga ardhi ya hifadhi pembeni, kisha ndipo nahesabu.

Tena pori hilo halikuwa tupu tangu zamani. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliua watu wengi upande huo. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikawahamisha maelfu ya watu wa Liwale kwa hoja ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na tembo, na pori la Selous likapanuliwa kwenye ardhi waliyoiacha. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, waliosalia wakisogezwa kandokando ya barabara. Ndiyo maana leo unaweza kusafiri muda mrefu bila kuona nyumba, halafu ukaingia kwenye kijiji ambacho kupata kiwanja ni shida.

Kwenye kugawanya kijiji, kinachotazamwa kwanza ni kaya. Sheria ya vijiji ya 1975 iliweka kiwango cha kaya 250, na mpaka leo maofisa wengi huanza kuuliza hapo, pamoja na umbali, mipaka na uwezo wa kijiji kipya kujiendesha. Kwa hiyo msibishane kuhusu kilomita za mraba. Pelekeni orodha ya kaya kwa kila kitongoji, na umbali wa kutoka kila kitongoji hadi ofisi ya kijiji, zahanati na shule, masika na kiangazi. Kwenu huko masika ndiyo yenye hoja.

Maombi yanaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji peke yake haitoshi. Muhtasari wa mkutano unapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, halafu Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa, mwisho TAMISEMI kwa waziri. Mengi ya maombi niliyoyaona yakirudishwa yalikwama kwenye muhtasari: mahudhurio hayakuandikwa, au kitongoji kinachotaka kujitenga ndicho hakikuwepo. Kama watu wake hawafiki, ufanyieni mkutano huko huko kwao.

Sasa fedha. Hapa nitawakatisha tamaa kidogo. Fedha nyingi kutoka serikali kuu hufuata vichwa. Chukua ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi: kiwango cha sera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Shule yenye wanafunzi 90 inapata 540,000 kwa mwaka, sawa na 45,000 kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, vyote humo. Mkiwagawa wanafunzi hao kwenye shule mbili, jumla ni ile ile, ila matundu ya vyoo ya kutunza yameongezeka. Ushuru wa mazao nao, ambao kwa korosho na ufuta ndiyo tegemeo la halmashauri yenu, unafuata kilo na bei ya mnada. Hauangalii idadi ya vijiji.

Mtakachopata kwa hakika ni uwakilishi: mwenyekiti wenu, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mamlaka juu ya ardhi yenu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kwa maoni yangu, kwa kijiji cha mbali hilo la ardhi lina thamani kuliko ruzuku. Wafugaji wamekuwa wakiingia Lindi, hasa baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mkoani Mbeya, na mkoa uliokuwa ukikua chini ya asilimia 1 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012 umefikia watu 1,194,028 katika sensa ya 2022 kutoka 864,652. Ardhi isiyo na mpango wa matumizi huonekana haina mwenyewe.

Lakini hapo hapo pana mtego, na Liwale mnao mfano wake. Msitu wa Angai, takriban hekta 139,000, ulikuwa wa vijiji 13. Vijiji vilipogawanyika vikazidi 20, na mipaka, mipango ya usimamizi na mgao wa mapato ya mbao vikalazimika kupangwa upya, kazi ya miaka na gharama. Kama kijiji chenu kina sehemu ya msitu huo, au ni mwanachama wa Magingo, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuomba: msitu unabaki upande upi, nani anatoa mgambo wa doria, mapato yanagawanywaje. Vijiji jirani nao wasaini ramani ya mipaka mipya, na nakala ikae kwa afisa ardhi wa wilaya kabla faili halijatoka kwenye kata.