M1911 ya jeshi: kabla hujafyatua

Umeuliza kama raia wa Marekani anaweza kununua M1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, iliyostaafu jeshini. Anaweza, kupitia CMP (Civilian Marksmanship Program), shirika linalokuza ulengaji shabaha kwa raia, akiwa na miaka 21 na uanachama wa klabu wanayoitambua. Rekodi zako huchunguzwa mara mbili: na CMP, kisha na duka lenye leseni ya kuuza silaha litakalokukabidhi. Bila nakala ya leseni ya duka hilo, bastola haitumwi.

Ikifika, toa magazini (kibebea risasi), hakikisha chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, ni tupu, ndipo uifungue. Mulika slaidi (kipande cha juu kinachoteleza) kwa tochi, hasa kona za tundu la kutolea maganda. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiweka kando. Springi ya slaidi badilisha tu, uweke ya nguvu ya ratili 16: ikilegea, slaidi huigonga fremu (kiunzi cha bastola) kwa nguvu. Bastola ikikwamakwama, jaribu kwanza magazini mpya. Kuukuu ndizo zenye lawama mara nyingi.