Mashine haikuonyesha hitilafu: je, RX-8 inafaa kuwa gari langu la kwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 23, leseni nimeipata mwaka jana, na sasa natafuta gari langu la kwanza. Tangu nikiwa mdogo nayapenda magari ya michezo. Nimebaki na mawili yaliyotumika. La kwanza ni Mazda RX-8 ya mwaka 2005, dashibodi inasoma kilomita 71,000. La pili ni Toyota Celica ya mwaka 2003, injini ya lita 1.8 ya kawaida, kilomita 148,000. Mwenye RX-8 alikuja na fundi wake, akachomeka kifaa chini ya usukani, simu ikaonyesha hakuna hitilafu hata moja. Celica ilipopimwa ilitoa namba P0420, na mwenyewe akakiri kwamba huwa anaongeza oili kati ya sevisi na sevisi. Naona RX-8 ndiyo salama zaidi. Nishauri kabla sijalipa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zuia hela yako kwanza. Gari ulilolitilia shaka kwa sababu ya namba moja limekwambia mengi kuhusu afya yake. Lile ulilolipenda halijakwambia chochote, na wewe ukimya wake umeuchukua kama cheti cha uzima.

Jambo hili naliona karibu kila wiki na linanikera kuliko jingine lolote katika kazi hii. Mtu analeta gari alilonunua juzi, injini inamisi, taa ya njano inawaka, na neno lake la kwanza ni "lakini lilipimwa na mashine". Lilipimwa nini? Kompyuta ya injini inajua tu kile inachoambiwa na sensa zake: hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa krenki, oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na mengine ya namna hiyo. Tundu lile la chini ya usukani lililetwa na sheria za kupunguza moshi mchafu. Marekani ilililazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Halikuwekwa kwa ajili ya mtu anayenunua gari lililotumika.

Kwa hiyo hakuna sensa inayopima jinsi ringi za pistoni zilivyoisha. Hakuna inayopima nyufa za bushi, kutu ya chasisi, umri wa mkanda wa taimingi, wala mahali ambapo gari liliwahi kukatwa na kuchomelewa baada ya ajali. Kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa ndani yake, inaweza kushuka taratibu kwa muda mrefu bila namba yoyote kuandikwa. Kompyuta itashtuka siku injini itakaposhindwa kuwaka sawasawa, ndipo iandike P0300 au namba za jamii hiyo. Siku hiyo injini imeshachoka zamani.

Na hapo nimechukulia kwamba hakuna aliyegusa kitu. Kufuta hitilafu zilizohifadhiwa ni kazi ya sekunde chache, na kifaa kilekile kinachosoma ndicho kinachofuta. Bahati nzuri ufutaji huacha alama, na fundi yule alipaswa kukuonyesha. Kompyuta hujifanyia majaribio yake ya ndani: jaribio la katalisti (kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la egzosi), la sensa za oksijeni, la mvuke wa tangi la mafuta. Hitilafu zikifutwa, au betri ikichomolewa, majaribio hayo hurudi kwenye hali ya "hayajakamilika", na huhitaji safari kadhaa za mwendo tofauti tofauti ili yakamilike tena. Mwambie afungue ukurasa huo. Ukikuta karibu yote hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anasema analiendesha kila siku, jua kumbukumbu imefutwa karibuni. Baadhi ya magari huhifadhi pia umbali uliotembewa tangu hitilafu zifutwe mara ya mwisho. Ukisoma kilomita 12, huna haja ya kuuliza swali jingine.

Kuna hila mbaya zaidi, nayo imejaa kwenye magari ya michezo kuliko magari ya kawaida. Programu ya injini ikiandikwa upya ili gari liongezewe nguvu, au ili katalisti ing'olewe na bomba lipige kelele, aliyeiandika huzima kabisa hitilafu ambazo zingetokea. Gari la namna hiyo litasoma safi leo, kesho na mwakani, hata kama mahali pa katalisti pana bomba tupu. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu walale chini ya gari na tochi kabla hawajatazama simu ya mtu.

Sasa RX-8 yenyewe. Haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu, na kila ncha ya rota ina sili inayobana ukuta wa chumba. Sili hizo zikichoka, kompresheni inatoka. Mazda wenyewe waliongeza dhamana ya injini kwa RX-8 za mwanzo nchini Marekani, modeli za 2004 hadi 2008, ikafika miaka 8 au maili 100,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa injini isiyo na matatizo. Pia injini hii inachoma oili kwa makusudi, kwa sababu oili hupulizwa ndani kulainisha sili. Mwenye gari asiyechungulia kijiti cha oili mara kwa mara anaiua taratibu, na kompyuta haitasema lolote.

Kilomita 71,000 zisikupumbaze. Kwa injini ya rota, kilomita chache za safari fupi fupi, kuwasha na kuzima kabla haijapata moto, ni mbaya kuliko kilomita nyingi za barabara ndefu. Ukiizima ikiwa baridi petroli hubaki vyumbani, plagi zinalowa, na oili inayobana sili inaoshwa. Halafu hizo kilomita unazijuaje? Za dashibodi hurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo akiwa amekaa kitini. Tazama mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango. Omba kumbukumbu za sevisi zenye tarehe na kilomita.

Jaribio la bure ni hili: endesha hadi injini ipate moto kabisa, izime, subiri dakika kama kumi, washa tena. Ikizungushwa muda mrefu kabla ya kushika, kompresheni imeshuka. Lakini wapo wanaofunga starta yenye kasi zaidi ili kuficha dalili hii, kwa hiyo usiishie hapo. Lipia kipimo cha kompresheni kwa kifaa cha injini za rota. Geji ya kawaida ya pistoni haifai, kwa maana rota moja ina nyuso tatu na geji hiyo hubakiza namba kubwa tu. Nyuso mbili dhaifu zinajificha nyuma ya moja nzima. Unataka namba sita, pamoja na kasi ambayo injini ilizungushwa wakati wa kupima. Kiwango cha chini cha mtengenezaji ni kilopaskali 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika. Karatasi iliyoandikwa "kompresheni nzuri" bila namba irudishe.

Turudi kwa Celica uliyoikimbia. P0420 inamaanisha katalisti haisafishi moshi inavyopaswa, na mwenye gari amekwambia linapunguza oili. Mambo hayo mawili yanashikana: oili ikiungua, fosforasi iliyomo ndani yake hufunika katalisti na kuiharibu. Injini ya Celica hiyo, inayoitwa 1ZZ-FE, hasa zile za miaka ya mwanzo, inajulikana kwa ugonjwa huu. Matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda, na oili inapanda juu ikaungue. Swali la kumuuliza mwenyewe ni moja: lita ngapi kwa kilomita elfu moja? Akisema nusu lita au chini yake, na kijiti hakijawahi kukauka, hilo ni gari la kukaa mkijadiliana bei. Likila lita nzima, hesabu gharama ya kufungua injini kabla hujataja bei yako. Hapa geji ya kawaida inafaa, ila ielewe vizuri: kompresheni ikiwa nzuri huku oili inaisha, ringi za juu ni nzima na zilizoganda ni za oili. Usikubali fundi akwambie kwamba kompresheni nzuri imefuta tatizo la oili. Sikiliza pia cheni ya taimingi asubuhi injini ikiwa baridi, maana injini iliyowahi kukaukiwa oili huanza kupiga kelele upande huo.

Kwa dereva wa mwaka mmoja ningechagua Celica, ikiwa majibu ya oili yanaridhisha. Inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiogopa katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla, haina haraka ya kukugeuza kama RX-8 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Angalia kama gari lina mfumo wa kudhibiti mtelezo. Ulianza mwaka 1995 kwenye Mercedes-Benz S 600 ya milango miwili, lakini sheria za Marekani na Ulaya hazikuulazimisha kwa magari yote mapya hadi miaka ya 2010, kwa hiyo magari ya umri wa haya mawili mengine yanao na mengine hayana. Ukifungua swichi, taa yake iwake kisha izimike. Na usome tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi hilo silitaki kwenye gari la mwanangu hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Ninayoyasema hapa yanawahusu pia wanaonunua magari ya familia na pikapu. Kumezuka watu wenye kifaa cha bei ndogo na simu ambao wanajiita mafundi wa kompyuta, na kazi yao yote ni kusoma namba na kubadilisha sensa iliyotajwa. Namba ikitaja sensa ya oksijeni wananunua sensa ya oksijeni, wakati kilichokuwepo ni bomba linalovuta hewa. Wengine humwaga dawa nzito kwenye oili ili moshi wa bluu ukate, au unga wa kuziba rejeta inayovuja, na gari linatulia siku ambazo muuzaji anazihitaji. Dawa ile ya oili hairudishi ringi iliyoisha. Unga wa rejeta huziba pia njia nyembamba za maji, na gari linaanza kuchemsha kwa sababu mpya. Ukifika kukagua gari, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto kabla hujafika, mtu ameamua usione injini hiyo ikiwaka baridi, nawe rudi kesho bila kutoa taarifa ya saa.

Na wale ambao tayari mna magari: taa ya injini ikiwaka, msimruhusu mtu afute namba kabla hajainakili pamoja na takwimu zinazohifadhiwa nayo. Wakati hitilafu inaandikwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya injini dakika ileile: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Takwimu hizo ndizo zinazonionyesha kama tatizo lilitokea mlimani injini ikiwa ya moto au alfajiri gari likiwa limesimama. Zikifutwa hazirudi, na itabidi uendeshe gari likiwa na tatizo lake hadi lijitokeze tena.