Nimeokoka, je, bado mimi ni mali ya madhabahu ya babu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Huu ni mwaka wa tisa tangu niokoke, na nimebatizwa. Nimeolewa miaka mitano, mimba tatu zimetoka. Babu yangu mzaa baba alikuwa mganga. Kwenye maombi ya kufunguliwa nimeambiwa kwamba mimi ni mali ya madhabahu yake, ndiyo inayokula watoto wangu. Natakiwa nipeleke udongo wa kaburi lake pamoja na sadaka ya ukombozi, shilingi laki tatu. Mume wangu anaendesha bodaboda, kwa hiyo nimekopa kwenye kikoba. Mama mkwe anauliza nangoja nini. Nifanye nini?

JIBU: Pole, binti yangu. Pole kwa watoto watatu. Naanza na pole kwa sababu nimesoma barua yako mara mbili na sikuona mahali ambapo mtu yeyote amekupa. Wamekupa bei.

Sitakuambia kwamba nguvu za giza ni hadithi. Babu yangu mwenyewe alipiga ramli, na watu walitoka mbali kumfuata. Pepo wapo. Lakini ulichoambiwa kinagusa jambo moja: wewe ni wa nani? Hapo siwezi kunyamaza.

Wanaofundisha hivi hupenda Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Wakifika hapo wanafunga Biblia. Sentensi haijaisha: ni kizazi cha tatu na cha nne “cha wanichukiao”, na aya inayofuata inasema anawarehemu maelfu elfu wampendao. Miaka tisa unaamka alfajiri kumwomba Mungu, halafu mtu anakuandika kwenye orodha ya wanaomchukia, eti kwa sababu ya damu ya babu! Wengine hutaja Maombolezo 5:7, “Baba zetu walitenda dhambi hata hawako”. Wasome hadi aya ya 16 ya sura hiyohiyo, ambapo watu walewale wanakiri kwamba wao wenyewe wametenda dhambi.

Wayahudi waliohamishiwa Babeli walikuwa na mithali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu aliikataa mithali hiyo kwa kiapo, kisha Ezekieli akapewa sura nzima, ya 18, kuibomoa: “mwana hatauchukua uovu wa baba yake”. Na tazama Hezekia. Baba yake, Ahazi, alimpitisha mwanawe motoni. Kama madhabahu ya baba humiliki uzao, nani angemilikiwa kuliko Hezekia? Lakini alimshika Bwana, na Biblia inamsifu.

Watakuambia Gideoni alibomoa madhabahu ya baba yake. Kweli. Ilikuwa ya Baali, imesimama pale nyumbani, na watu bado wanaiabudu. Kama wewe una hirizi ndani, au umeshiriki tambiko, tubu na uichome leo. Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake fedha hamsini elfu (Matendo 19:19). Hakuna hata moja iliyoingia mfukoni mwa Paulo.

Sasa soma 1 Petro 1:18-19 polepole. Petro anayataja mambo mawili yaliyomo kwenye barua yako, baba na fedha. Anasema tulikombolewa “si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu”, tupate kutoka katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, bali kwa damu ya Kristo. Anayekudai sadaka ya ukombozi anasema, hata kama hajui anachosema, kwamba damu ile ilipungua laki tatu. Na udongo wa kaburi? Babu yako angekuagiza hivyohivyo. Umetolewa kwa mganga mmoja ukapelekwa kwa mwingine mwenye Biblia mkononi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Usiende kaburini, wala usitoe hiyo fedha. Irudishe kikoba kabla riba haijaanza kukutafuna. Wewe ni wake aliyesema, “nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu” (Isaya 43:1).

Lakini sitaki uniache ukidhani kuwa wa Mungu ni kinga ya msiba. Wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili (Yohana 9:3). Kumtumaini Mungu ni kubaki mikononi mwake hata pale ambapo hukupewa sababu. Mimi na mke wangu tulizika mtoto wetu wa kwanza. Tulilia mbele za Mungu miezi mingi, na siku zile hatukupungua kuwa watu wake Mungu. Lia, binti yangu. Kama ulikuwa umewapa watoto wale majina moyoni, yataje mbele zake.

Kuhusu mama mkwe, mumeo ndiye wa kuzungumza na mama yake, na azungumze kwa heshima. Usiachiwe mzigo huo peke yako.

Na mimba zikitoka mara tatu, ni za kuonwa na daktari bingwa wa wanawake. Huenda damu inaganda isivyopaswa, au ni kisukari, au tezi ya shingoni, au umbo la mfuko wa uzazi. Mara nyingine chanzo kiko upande wa baba. Mengi ya hayo yana matibabu, na wako wengi ambao vipimo havikuonyesha kitu, na baadaye wakajifungua salama. Kwa hiyo mwende wote wawili, na mbebe kadi za kliniki za mimba zote tatu.