Nakshi za Mimea Kwenye Jengo: Nianzie Wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Mbeya. Tumepewa kazi ya kubuni soko dogo ambalo umbo na nakshi zake zitatokana na ukuaji wa mimea. Nilichora paa lenye umbo la ua la pareto, mhadhiri akasema nimebandika ua juu ya banda. Nianzie wapi? Je, bila programu ya kompyuta kazi hii inawezekana?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, mhadhiri wako amesema kweli, ingawa kwa ukali. Ua ni matokeo. Kinachokufaa wewe ni kanuni iliyolifanya liote hivyo. Louis Sullivan, msanifu wa Chicago nchini Marekani, alilionyesha jambo hili katika michoro 20 iliyochapishwa mwaka 1924, mwaka ambao ndio aliofariki: alianza na mbegu, akaikuza hatua kwa hatua, hata maumbo makavu ya kijiometri yakachanua majani. Hata hivyo, jengo lake la Guaranty mjini Buffalo, la mwaka 1896, limesimama wima kama sanduku, na nakshi zimetanda juu ya vigae vya udongo wa kuchomwa vinavyofunika fremu ya chuma. Antoni Gaudí, msanifu wa Hispania, alikwenda mbali zaidi, kwani ndani ya kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona nguzo hugawanyika juu kama matawi, na matawi hayo ndiyo yanayobeba dari. Kwa soko lako ningemfuata Gaudí kwanza, Sullivan baadaye.

Mfano mzuri unao karibu. Chukua mwanzi, ndugu wa ule unaogemwa ulanzi kule Iringa, uupasue kwa urefu. Utaona pingili zilizo tupu ndani, na kwenye kila kifundo kiwambo kigumu kilichokatiza. Hicho ndicho kinachosaidia mwanzi usibonyee unapopindwa na upepo. Chini, karibu na ardhi, vifundo vimekaribiana kuliko katikati. Sasa jiulize nguzo ya soko lako inahitaji kifundo wapi: bila shaka pale inapokaa juu ya msingi, pale inapogawanyika na pale inapopokea boriti. Nakshi iwe hapo, na sehemu nyingine uyaache matofali ya kuchoma yaonekane yalivyo.

Pareto nayo usiitupe. Vijiua vya katikati ya ua hupangika kwa mizunguko, kila kipya kikijitenga na kilichotangulia kwa takriban nyuzi 137.5, ndiyo maana hujaa bila kuacha mapengo. Kanuni hiyo ingefaa kupanga matundu ya mwanga kwenye paa, mradi kila tundu lipate kofia yake, maana mvua za Mbeya hazina subira. Kupangia meza za wauzaji sishauri, kwa sababu mkokoteni wa viazi unataka njia iliyonyooka.

Kuhusu kompyuta, mwanabiolojia Aristid Lindenmayer alieleza mwaka 1968 namna ya kukuza mmea kwa alama chache tu, na programu nyingi za kuchora mimea zimejengwa juu ya wazo hilo. Penseli inatosha kuanzia: amua kila tawi lizae mangapi, kwa pembe gani, na urefu upungue kiasi gani, kisha rudia mara tatu. Ukizidisha hapo, fundi atakuuliza ni nani atakayekata na kuunga vipande vyote hivyo, naye atakuwa na haki ya kuuliza.