Vifaranga "dume tupu" wamezaa bwawani

Swali: Nafuga sato kwenye bwawa la udongo huku Sengerema. Niliuziwa vifaranga 2,000 waliolishwa homoni, nikaambiwa ni madume watupu. Huu ni mwezi wa tano na naona vitoto vimejaa kandokando ya bwawa. Je, nimedanganywa? Na nikiteua madume makubwa humohumo wawe wazazi, si nitapata madume tupu bila kununua tena?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na swali la pili, kwa sababu ndilo linaloweza kukutia hasara kubwa. Usiteue wazazi kwenye bwawa hilo.

Sato hurithi jinsia kama binadamu, kwa kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) ziitwazo X na Y: jike ni XX, dume ni XY. Jeni inayoelekeza udume, amhy, imo kwenye Y. Watafiti wa China waliibainisha mwaka 2015. Lakini kifaranga aliyetoka kuanguliwa bado tezi zake za uzazi hazijashika njia yoyote. Akilishwa methiltestosteroni, yaani homoni ya kiume, kwa siku 21 hadi 28 tangu anapoanza kula, tezi hizo huwa korodani hata kama yeye ni XX. Mwili umegeuka, kromosomu zimebaki vilevile.

Maana yake, karibu nusu ya madume yako ni XX, na kwa macho huwezi kuwajua. Wanakua vizuri na wana mbegu hai. Dume XX akirutubisha mayai ya jike XX, hakuna Y inayotoka popote: watoto wote ni majike. Ukibahatika kumpata XY, watoto watakuwa nusu kwa nusu. Ukichanganya madume kumi au ishirini bila kujua nani ni nani, tarajia kama robo tatu ya vifaranga wawe majike. Na jike wa sato hulea mayai na watoto mdomoni. Siku hizo zote hali kitu, hakui, huku bwawa likijaa watoto wanaogombea chakula.

Kuhusu swali la kwanza, si lazima uwe umedanganywa. Homoni haifiki asilimia 100 hata kwa mtaalamu makini, na majike wachache tu wanatosha kujaza bwawa. Kinachoharibu zaidi ni kuchanganya vifaranga wa umri tofauti: aliyezidi milimita 14 hivi mara nyingi amekwisha kushika jinsia yake, dawa haimgeuzi. Pia kagua bomba la kuingizia maji. Perege wa mtoni hupenya wakiwa wadogo sana. Weka chujio la wavu mwembamba.

Ipo njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa samaki unayemla hajaonja homoni kabisa. Vifaranga XY hugeuzwa majike kwa homoni ya kike, kisha huzalishwa na madume XY wa kawaida. Robo ya watoto huwa YY. Dume YY akikutana na jike XX, kila mtoto hupokea Y. Ufilipino walifanya hivyo miaka ya 1990, wakapata madume zaidi ya asilimia 95. Hawafiki 100 kwa sababu Y haiko peke yake: jeni nyingine ndogondogo huchangia, na hata joto. Maji ya nyuzi 36 katika siku za mwanzo hugeuza baadhi ya XX kuwa madume.

Nasi tuna historia humu. Mwaka 1960 mtafiti wa samaki C. F. Hickling, akiwa Malacca (Malaysia ya leo), alieleza kwamba madume wa perege waliotoka Zanzibar, jamii ya wale wa Mto Wami, wakizaa na majike wa perege wa Msumbiji hutoa madume watupu. Perege wa Wami ana mfumo wa kinyume, wenye kromosomu ziitwazo Z na W: dume ni ZZ, jike ni ZW. Ila ukoo mmoja ukichanganyika kidogo tu na mwingine, majike hurudi.

Kwa sasa, weka kambare wachache walio wadogo kuliko sato wako, ili wavile vitoto hivyo. Msimu ujao muulize muuzaji vifaranga walianza kulishwa dawa wakiwa na urefu gani, na wazazi wao walitoka wapi. Akikujibu kwamba wazazi aliwateua kwenye bwawa la madume tupu, usinunue.