Mbuna wanahema baada ya filta kuoshwa

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni seremala, naishi Mkomani, Lamu. Nina tangi la kioo la lita 200 lenye mbuna 16, samaki wa mapambo niliowanunua Mombasa wakiwa wadogo. Huu ni mwezi wa tano. Juma lililopita filta ilikuwa ikitoa maji kwa shida, nikatoa sponji na vile vijiwe vya ndani nikaviosha kwa maji ya mfereji mpaka vikatakata. Siku hiyo hiyo nikabadilisha maji yote. Sasa maji ni maangavu kabisa, lakini siku ya tatu samaki walianza kupanda juu na kuhema, mashavu yamewaiva. Wanne wamekufa. Mwingine tumbo limefura, hali chakula, na choo chake ni cheupe kama uzi. Huwa nawapa kamba wa kusaga, mara nyingine dagaa. Nitie dawa gani? Na je, mawe ya matumbawe niliyoyapanga ndani ndiyo yanayowadhuru?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa samaki wako. Leo usitie dawa yoyote. Acha kuwalisha, washa pampu ya hewa kwa nguvu zake zote, na uandae maji ya kubadilisha robo ya tangi, yaani lita 50. Mbuna mkubwa mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula na asidhurike, kwa hivyo usiwaonee huruma kwa kuwatupia chochote.

Samaki wako wanasumbuliwa na amonia, sumu inayotoka katika uchafu wao wenyewe. Watu wengi hudhani uchafu wa samaki ni kile kinyesi kinachoonekana chini. Sehemu kubwa ya amonia hutoka kwenye matamvua, hayo unayoyaita mashavu, kila samaki anapopumua, na haina rangi. Ndiyo maana maji yako ni maangavu na bado yanaua. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria waliojishikiza kwenye sponji na vijiwe: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili mpaka uipunguze kwa kubadilisha maji. Ule utelezi wa kahawia ulioutoa kwenye sponji ndio uliokuwa makao yao. Klorini hutiwa katika maji ya mfereji ili iue bakteria, na haichagui yupi wa kumwacha. Tangi lako limerudi siku ya kwanza, ila samaki waliomo wana miezi mitano: ni wakubwa, wanakula sana, na wanatoa amonia nyingi.

Nimeliona jambo hili hapa Malindi kwenye nyumba moja ya wageni. Kijana aliyekuwa akitunza tangi alisugua filta kwa sabuni kwa sababu wageni walikuwa njiani. Kwa siku tatu tangi lilipendeza, na ya nne tukaanza kuokota samaki. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa msafi kwa njia aliyofundishwa kusafisha vyombo.

Sasa mawe, maana swali lako hilo limegusa jambo kubwa kuliko ulivyokusudia. Mbuna ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo mmoja na perege na sato tunaowala. Kwao ni Ziwa Malawi, ambalo Watanzania huliita Nyasa, na huko huishi kwenye majabali ya ufukweni, katika maji magumu kiasi, yaani yenye madini ya chokaa, na yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, na ikipanda uchachu hupungua) ya kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, ileile inayofanya maji yawe magumu na kuizuia pH isishuke. Kwa hiyo jiwe la matumbawe linawafaa sana mbuna. Mtu wa bara hununua mchanga wa namna hiyo kwa pesa. Wewe umezungukwa nao.

Lakini pH hiyo ndiyo inayoipa amonia meno. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine inayopenya matamvua na kuyaunguza. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya sehemu moja katika mia ndiyo iliyo kali. Ukifika pH 8 ni kama sehemu 5 katika mia, na kwenye 8.5 hukaribia 15. Joto likizidi, nayo huzidi. Ndiyo sababu mtu mwenye maji laini na ya baridi anaweza kukosea kosa lilelile ulilokosea na samaki wake wakapona, na wewe ukazika wanne. Usijaribu kuishusha pH kwa ndimu wala siki. Matumbawe yataipandisha tena, na huko kupanda na kushuka kutawaumiza samaki zaidi ya walivyoumia sasa.

Angalizo moja tu kuhusu mawe: kama yametoka kwenye kifusi cha ukuta, kwangua chokaa na rangi yote, kisha uyaloweke kwenye maji matamu na kuyabadilisha mara kadhaa, maana chokaa mbichi hurusha pH juu kwa ghafla na mawe ya pwani hubeba chumvi. Matumbawe hai ya baharini yaache baharini. Yakiingia maji matamu hufa, huoza, na kukuongezea amonia.

Basi matibabu ni maji. Badilisha robo mara maji uliyoyaandaa yakiwa tayari, robo siku inayofuata, uendelee hivyo kila siku mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Inaweza kuchukua wiki mbili, hata nne, kwa sababu bakteria hawa huzaliana polepole mno wakilinganishwa na wale wanaochachisha maziwa. Heri yako ni kuwa baadhi yao wamebaki kwenye mchanga na juu ya mawe, usiviguse. Maji mapya yachote jana yake, yakae kwenye ndoo usiku kucha na jiwe la hewa likitoa mapovu ili klorini itoke, na yawe na joto sawa na ya tangini. Au tumia thiosulfeti ya sodiamu, ile dawa ya kuondoa klorini inayouzwa maduka ya samaki wa mapambo. Waagizie Mombasa na vitone vya kupimia amonia, nitriti na pH, wakutumie parseli kwa basi hadi Mokowe. Bila vitone utakuwa unabahatisha.

Wiki ya pili, amonia ikianza kushuka, nitriti itapanda. Nitriti huingia kwenye damu ikaizuia kubeba oksijeni, na matamvua hugeuka rangi ya kahawia. Hapo chumvi husaidia: gramu moja kwa lita, yaani gramu 200 kwa tangi lako, ukiiyeyusha kwanza kwenye ndoo na kuimimina kwa mafungu matatu ndani ya siku moja. Kloridi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua. Chumvi ya mawe inayotengenezwa huku kwetu Gongoni inatosha kabisa. Kila ukibadilisha lita 50, rudishia gramu 50.

Nyumba za kale za mawe hapo kwenu zilikuwa na birika la maji chooni, na ndani yake viliwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palijengewa bakuli la kauri, ili maji yakichotwa mpaka chini samaki wabaki na pa kuogelea. Tazama namna birika lile lilivyokwenda: samaki wachache, maji mengi, yakichotwa kidogo kila siku na kujazwa kidogo. Hakuna aliyelimwaga lote na kulisugua kwa siku moja. Tangi lako nalo, likishatulia, lipe robo ya maji mapya kila wiki.

Filta utaiosha tena, maana kuziba itaziba. Chota ndoo ya maji ya tangini humo humo, tumbukiza sponji, ikamue mara mbili tatu mpaka maji yaweze kupita, basi. Ikitoka bado ina rangi ya kahawia, umefanya sawa. Inuse: sponji yenye uhai hunuka udongo uliopigwa na mvua. Ikinuka yai bovu, imekosa hewa, na mara nyingi ni baada ya stima kupotea kwa saa nyingi. Stima ikirudi usiiwashe filta iliyofungwa kabla hujamwaga maji yaliyolala ndani yake. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima kwako, hasa msimu wa kaskazi: maji ya nyuzi 24 hushika kama miligramu 8.4 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, na samaki wenye matamvua yaliyoungua hawana akiba ya kupoteza.

Yule aliyefura tumbo ni shauri tofauti. Mbuna kwao hukwangua ukoga juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu, uliokunjwa kwa ajili ya majani. Kamba na dagaa kila siku huwalemea, na samaki aliyekwisha kudhoofishwa na maji mabaya ndiye anayefura kwanza. Mtenge kwenye chombo chake chenye hewa, ubadilishe nusu ya maji kila siku. Dawa inayotumika ni metronidazole, nayo itiwe humo alimotengwa, isiingie kwenye tangi kubwa. Kipimo nitakuandikia ukinipa ujazo wa chombo. Sitakuficha: aliyekwisha kufura na kuacha kula, wengi hawaponi. Waliobaki, vipimo vikitulia, warudishie chakula kwa uchache, vidonge vya spirulina, aina ya mwani, au jani la mchicha lililochovywa kwenye maji moto kwa dakika moja, likafungwa juu ya jiwe. Utawaona wanavyolikwangua kwa midomo, pembeni kwanza, mpaka ubaki uti wa jani.

Vitone vikifika, pima asubuhi kabla ya kubadilisha maji, kwa siku tano mfululizo, kisha nitumie namba zote za amonia, nitriti na pH pamoja na joto la maji saa nane mchana.