Mparachichi wa kokwa umekuwa fimbo: ukate wapi na lini

Mkuu, umesema mparachichi wako wa kokwa uko nyuma ya nyumba hapo Mbeya, una futi nne, hauna hata tawi moja, majani yote yamekaa juu kama mwavuli, na unataka ujaze matawi. Utajaza. Ila usikate sasa hivi Juni, na usikate pale jirani alipokuonyesha, usawa wa goti kwenye shina tupu.

Ncha ya mti hutengeneza homoni inayoitwa oksini. Homoni hiyo hushuka na shina na kuyalaza macho ya pembeni, yale yaliyo kwenye kwapa la kila jani. Ukiiondoa ncha, macho yanaamka, na yanayotangulia ni yale yaliyo karibu na jeraha. Kwa hiyo mahali unapokata ndipo matawi yatakapotokea, si chini yake sana. Ukikata juu mno unapata ufagio juu ya mti. Ukikata chini kwenye shina lisilo na jani, mche unabaki hauna cha kujilishia: unaweza kuchipua baada ya muda mrefu, au ukakaukia hapo hapo.

Hapo ndipo tatizo lako kubwa lilipo. Umeandika kwamba ulikuwa unayang'oa majani ya chini ili chakula kipande juu. Acha kabisa. Jani la chini ndilo linalonenepesha shina. Mche ulionyang'anywa majani unakimbilia juu, unakuwa mwembamba, halafu unategemea mti wa kuegemea kila upepo ukivuma. Gome la parachichi nalo ni jembamba, likipigwa na jua la Oktoba bila kivuli cha majani linaungua na kupasuka. Shina lako lililo wazi lipake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Kuhusu muda: chipukizi jipya la parachichi ni laini mno na baridi ya Juni hadi Agosti inaliunguza likawa jeusi. Kwako subiri mwanzo au katikati ya Septemba, baridi ikishalegea na mvua bado. Wa Njombe na Makete, ambako jalidi inashuka, wasubiri zaidi. Wa Tukuyu shida yao ni mvua kuliko jalidi. Wachague siku kavu, maana jeraha bichi kwenye unyevu mwingi ni mlango wa ukungu.

Siku ya kukata, tafuta sehemu ambapo majani yamekaribiana, kwa sababu parachichi hukua kwa misimu mifupi mifupi na mwisho wa kila msimu macho hujipanga karibu karibu. Kwa mti wako itakuwa kama sentimita 90 kutoka ardhini. Hesabu majani yatakayobaki chini ya mkato: yawe 6 hadi 8 yenye afya. Yakiwa pungufu, sogeza mkato juu kidogo. Tumia mkasi wa kupogolea mkali, uliofutwa kwa spiriti au kwa jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Kata mshazari, nusu sentimita juu ya jicho, mteremko ukielekea upande wa pili ili maji yasitiririkie jicho. Ukiacha kisiki kirefu kinakauka na ukavu unashuka nacho. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe linakufa. Jeraha dogo hivyo halihitaji kupakwa kitu. Tope na samadi ya ng'ombe vinatunza unyevu tu.

Baada ya hapo punguza maji. Majani yamepungua, mti unakunywa kidogo, na udongo ukishinda umelowa mizizi inaoza. Macho huvimba baada ya wiki 2 au 3 kukiwa na joto, na zaidi ya mwezi kukiwa na ubaridi, usiyakwaruze kuangalia kama yako hai. Samadi iliyoiva, nusu ndoo ya lita 20, isubiri majani mapya yafunguke, na iwekwe mbali na shina sentimita 30. Samadi nyingi mapema inatoa vitawi virefu, legevu.

Machipukizi yakifika sentimita 15, bakiza 3 au 4 yanayotazama pande tofauti, mengine yavunje kwa kidole. Usibakize mawili yanayopanda sambamba kama herufi V nyembamba. Hapo ndipo mti hupasuka ukibeba matunda. Kila tawi likifika sentimita 40 na majani yake yameacha wekundu yakawa kijani kigumu, kata ncha yake sentimita 5. Rudia mara moja au mbili, basi. Maua ya parachichi hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo anayekata ncha kila mwaka anajikatia matunda.

Na hili la matunda lazima lisemwe: kujaza hakuharakishi kuzaa. Mti wa kokwa unaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 au zaidi, na hata kama kokwa ilitoka kwenye Hass, ile aina ya parachichi ya sokoni, matunda hayatakuwa Hass halisi. Ukitaka Hass, matawi yako yakifika unene wa penseli yabebeshe, yaani yaunganishe, kwa vikonyo (vipande vya matawi) vya mti wa Hass unaozaa. Usiyabebeshe yote siku moja. Acha tawi moja na majani yake lilishe mizizi, ulikate vikonyo vikishashika na kutoa majani yao.